Somo la Saba: Mbio za Milimani, na Kiatu Kinachokutosha

Kabla hatujaanza, tafuteni vitu vitatu: karatasi kubwa, penseli na rula. Mtavihitaji kabla somo halijaisha.

Leo twazungumza habari za kukimbia milimani. Najua wako watakaocheka. Watasema, "Mwalimu, sisi watu wa Songea twapanda vilima kila siku. Twaenda shambani, twatafuta kuni, twachota maji. Kuna haja gani ya kufundishwa?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu.

Ni kweli, sisi tuna bahati. Ukitoka mjini kidogo tu waikuta Milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanza safari yake ndefu ya kwenda Bahari ya Hindi. Karibu zaidi kiko kilima cha Chandamali, chenye pango ambalo wazee husema Nduna Songea Mbano alijificha wakati wa Vita vya Maji Maji. Mahali pa kukimbilia hatukukosa. Lakini kupanda mlima kwa mwendo wa kazi ni jambo moja, na kuukimbia ni jambo jingine. Mtu aendaye shambani hupanda polepole, tena hurudi amechoka, akiteremka kwa tahadhari. Mtu akimbiaye huteremka kwa kasi, na kila hatua uzito wake wote huanguka juu ya mguu mmoja. Hapo ndipo mguu usiozoezwa huumia, na hapo ndipo kiatu kibaya hujulikana.

Basi neno kubwa la somo hili ni hili: anza polepole, na mguu wako ndio uchague kiatu. Yaliyobaki ni maelezo tu.

YALIYONIPATA MIMI

Yafaa niwaambie kwa nini nasema hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nesi alinipima akaniambia kwamba shinikizo la damu yangu limeanza kupanda. Akanishauri nipunguze chumvi, na niutumikishe mwili. Nikafurahi, maana sikuandikiwa dawa. Nikaenda sokoni kwa wauza mitumba, nikaona raba nzuri, rangi yake yapendeza na bei yake ndogo. Niliona haya kuvua viatu vyangu mbele ya watu, kwa kuwa soksi zangu zilikuwa na matundu. Basi nikazishika raba zile mkononi, nikazipima kwa macho, nikalipa.

Nilipokuwa nikitembea mjini sikuona taabu. Lakini Jumamosi moja nilipanda Matogoro na vijana wawili, na wakati wa kuteremka vidole vyangu viligonga mbele ya kiatu kwa kila hatua, kama mtu abishaye hodi. Nilipofika nyumbani kucha za vidole vikubwa vyote viwili zilikuwa nyeusi. Baada ya majuma machache ziling'oka.

Nikampelekea fundi viatu raba zile. Ni mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Zimepasuka wapi?"

"Hazikupasuka, mzee. Zanibana mbele. Nimekuja uzirefushe."

Akatia mkono ndani ya kiatu, akanitazama miguu, akasema, "Mwalimu, kiatu kilichofumuka nakishona. Kilichobanduka soli nakigandisha. Kiatu kifupi hakuna fundi awezaye kukirefusha. Kwani hukukijaribu?"

Nikakosa la kusema.

Nilikaa miezi mingi bila kukimbia, kwanza kwa ajili ya maumivu, kisha kwa uvivu tu. Niliporudi kupimwa, damu ilikuwa imepanda zaidi, nikaandikiwa vidonge. Sisemi kwamba kiatu kiliniletea ugonjwa. Nasema kilinizuia nisijisaidie mapema. Raba zile nilizinunua rahisi. Vidonge namezea kila siku mpaka leo.

NANI AWEZA KUKIMBIA MILIMANI?

Watu wengi wadhani mbio ni kazi ya vijana. Sivyo. Kaskazini ya Uingereza iko nchi ya vilima na maziwa, ambako wenyeji walikuwa wakishindana kupanda na kushuka vilima tangu karne ya 19, katika sikukuu zao. Mwaka 1932 mtu mmoja wa mji wa Keswick, jina lake Bob Graham, alizunguka vilele 42 vya nchi ile kwa muda usiozidi saa 24. Bwana huyo hakuwa kijana. Umri wake ulikuwa umepita miaka 40, na kazi yake ilikuwa kuendesha nyumba ya wageni. Wala hakuvaa viatu vya ajabu. Alivaa raba za tenisi. Lakini miguu yake ilizoea, na njia alizijua, maana alizipitia kabla ya siku yenyewe.

Nawe waweza, ukiwa mwanamume au mwanamke. Lakini ikiwa una ugonjwa wa moyo, au damu iliyopanda, au kisukari, au umri wako umekuwa mkubwa nawe hujazoea kutumikisha mwili, nenda kwanza kwa mganga wa hospitali. Na mtu yeyote akipata maumivu ya kifua, au kizunguzungu, au pumzi kumkata pasipo sababu, asimame mara moja, asijikaze. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

JINSI YA KUANZA

Usianzie mlimani. Anza mahali tambarare, siku 3 kwa juma, na kati ya siku na siku upumzike. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, kisha urudie hivyo mpaka zitimie dakika 20 au 30. Baada ya majuma mawili hivi, punguza kutembea na uongeze kukimbia. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ikiwa waweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo ni wa sawa. Ikiwa watoa neno moja moja, umezidisha.

Baada ya mwezi mmoja hivi, tafuta kilima kifupi. Katika kupanda, fupisha hatua zako. Usitazame kileleni, tazama hatua chache mbele yako. Mahali penye mwinuko mkali, tembea. Msione haya kutembea, maana hata mabingwa wa mbio hizi hutembea penye mwinuko mkali, wakisukuma magoti kwa mikono. Atembeaye kwa nguvu aweza kufika pamoja na akimbiaye, tena hufika na pumzi yake.

Kuteremka ndiko kwenye hatari. Mtu mwoga huegemea nyuma na kupiga kisigino chini kwa nguvu, naye huteleza na kukaa chini. Wewe legeza magoti, piga hatua fupi za haraka, tanua mikono kidogo, na tazama mahali utakapokanyaga baada ya hatua tatu au nne. Usishindane na mtu katika kuteremka mpaka umezoea.

Usishangae mapaja yakikuuma siku ya pili baada ya kuteremka kwa mara ya kwanza. Katika kuteremka, misuli ya mbele ya mapaja huuzuia mwili usianguke, nayo huvutwa huku ikijikaza. Kazi hiyo huichosha kuliko kupanda. Maumivu hayo hupungua baada ya siku chache, na mara nyingine hayawi makali kama mara ya kwanza. Lakini maumivu makali ya mahali pamoja, kama vile kwenye goti au kifundo cha mguu, hayo si ya kuzoea. Pumzika, na yasipokwisha, tafuta ushauri.

JE, NIKIMBIE PEKUPEKU?

Wengi wetu tulikua bila viatu, na wazee hutuuliza kwa nini tuhangaike. Mwaka 1960, katika Michezo ya Olimpiki mjini Roma, askari wa Ethiopia, Abebe Bikila, alishinda mbio za marathoni akiwa pekupeku. Watu husema alikosa viatu kwa umaskini. Sivyo. Viatu vilikuwapo, ila havikumkaa vizuri, naye alikwisha kuzoea mazoezi bila viatu. Akaviacha. Mwaka 1964 mjini Tokyo alikimbia na viatu miguuni, akashinda tena. Funzo lake ni kwamba kiatu kibaya ni kibaya kuliko kukosa kiatu, na kiatu kizuri hakimzuii mtu.

Hata hivyo, barabara ya Roma si njia ya Matogoro. Huku kwetu kuna mawe makali, visiki, miiba, na pengine vipande vya chupa. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu ukanyagao udongo uliochafuka kwa kinyesi, na funza hupenda mguu ulio wazi. Kwa hiyo vaa kiatu. Mwenye kisukari asikimbie pekupeku kamwe. Ugonjwa huo waweza kuua hisi za miguu, mtu akajichoma asijue, na kidonda kidogo kikageuka kuwa kikubwa hata mguu ukakatwa.

KUPIMA MGUU

Sasa chukueni karatasi zenu. Yafaa kupima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kwa kazi za mchana. Vua viatu, vaa soksi utakazokimbilia. Weka karatasi sakafuni, ikigusa ukuta. Simama juu yake, kisigino kikigusa ukuta, na uzito wako uwe juu ya miguu yote miwili. Usipime umekaa, maana mguu hurefuka na kupanuka ukibeba mwili. Mwenzako atie alama mbele ya kidole kilicho kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengine hicho ni kidole cha pili, si kidole gumba. Kisha auzungushie mguu wote penseli. Fanya hivyo kwa mguu wa pili pia. Aghalabu miguu miwili hailingani. Wewe fuata ule mkubwa.

Pima kwa rula toka ukutani mpaka kwenye alama. Tuseme umepata sentimeta 26 na nusu. Ongeza sentimeta 1 na nusu, iwe nafasi ya vidole wakati wa kuteremka. Sasa ni sentimeta 28. Zidisha kwa 3, upate 84. Gawanya kwa 2, upate 42. Hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia kutafuta.

Pengine wauliza hesabu hiyo yatoka wapi. Namba za viatu za Ulaya, kama 38, 40 au 42, huhesabu urefu wa kalibu ya kiatu, na kila namba moja ni theluthi mbili za sentimeta. Mama ambaye mguu wake ni sentimeta 24 na nusu, akiongeza 1 na nusu, apata 26, na hesabu yampa 39. Jaribuni sasa hivi na miguu yenu.

Viatu vingine vina namba za Kiingereza, ambazo ni ndogo. 42 ya Ulaya ni karibu na 8 ya Uingereza. Namba za Marekani ni tofauti tena, nazo hazilingani kwa wanaume na wanawake. Ukiona namba nyingi kwenye ulimi wa kiatu, usibabaike. Soma ya Ulaya. Tena jueni kwamba viwanda havifanani. Namba yaonyesha mahali pa kuanzia tu; mguu ndio utoao hukumu.

SOKONI

Chukua karatasi yako uende nayo sokoni, na soksi zako safi zisizo na matundu, usije ukaona haya kama mimi. Ukipata kiatu, fanya mambo sita.

Kwanza, vuta soli ya ndani ikiwa yatoka, uiweke juu ya mchoro wa mguu wako. Ikiwa mchoro umepita kingo zake, kiatu ni chembamba. Mguu uliokua bila viatu mara nyingi huwa mpana mbele, na viatu vingi vya kiwandani ni vyembamba hapo. Msifanye kosa la kuongeza namba ili kupata upana. Kiatu kirefu mno huuacha mguu uteleze mbele na nyuma, na mkiteremka vidole vitagonga vile vile. Tafuta kiatu kipana, usitafute kirefu.

Pili, vaa viatu vyote viwili, ufunge kamba, usimame. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole viweze kuchezacheza.

Tatu, shika kisigino. Kisipande na kushuka unapotembea. Ikiwa chapanda kidogo, funga kamba mpaka tundu la juu kabisa, ujaribu tena.

Nne, tafuta ngazi au mahali penye mteremko, uteremke mara kumi ukikanyaga kwa nguvu. Vidole vikigusa mbele, rudisha kiatu. Jaribio hili lingeniokoa mimi kucha mbili. Muuzaji akikukataza kujaribu, nenda kwa mwingine.

Tano, geuza kiatu uitazame soli. Kwa mlimani yahitaji meno yanayoshika udongo. Iliyolainika itateleza wakati wa masika. Iwe ngumu ya kutosha usichomwe na mawe, lakini ikubali kukunjika mahali vidole vinapokunjika.

Sita, ikiwa ni mtumba, viweke viatu juu ya meza uvitazame kwa nyuma. Ikiwa kimoja chalala upande, mwenyewe wa kwanza amekwisha kukipinda, nacho kitapinda mguu wako. Bonyeza soli kwa kidole ubavuni. Ikiwa imekauka kama ubao, au yamegeka, kiache hata kama kwa juu chang'aa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kiatu usichokitembelea hujui kitakapokuuma. Kwa hiyo kiatu kipya usikipeleke mlimani siku ya kwanza. Kivae nyumbani, kisha katika mbio fupi, na ndipo ukipandishe kilimani.

KUTUNZA MIGUU

Kata kucha fupi, kwa kunyoosha, usizikate kwa kuzungusha pembeni. Vaa soksi kavu. Ukisikia mahali pana joto mguuni, simama hapo hapo, utoe mchanga, unyooshe soksi, ufunge kamba upya. Lengelenge likitokea, usilichune ngozi. Osha kwa sabuni na maji safi, ufunike. Ukirudi, osha miguu, ikaushe hata katikati ya vidole, uitazame juu na chini. Viatu vilivyolowa vijaze magazeti uviweke kivulini. Usivianike karibu na moto, maana gundi huachia.

Tena, usiende mlimani peke yako. Waambie watu wa nyumbani njia utakayopita na saa ya kurudi. Ondoka kumekwisha kucha, uone nyoka na visiki. Misitu ya Matogoro ni ya hifadhi, na maji ya mito hutoka huko. Basi uliza wahusika kabla ya kuingia, na fuata njia zilizopo. Ukikata njia mpya mteremkoni, mvua huifanya kuwa korongo.

Ndugu zangu, somo letu limefika mwisho. Mlima hautahama. Usipoupanda mwezi huu, utaupanda mwezi ujao, mguu wako ukiwa mzima. Mwenye haya ya kujaribu kiatu sokoni atakuja kuona haya ya kuchechemea mtaani, nami nimeyaona yote mawili. Pimeni miguu yenu leo jioni, muandike namba kwenye daftari. Kwaherini mpaka somo la nane.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mguu hupimwa jioni, tena mtu akiwa amesimama?

2. Mguu wa Bwana mmoja ni sentimeta 25 na nusu. Mtafutieni namba ya kuanzia.

3. Mwenzenu ana mguu mpana, naye ataka kuongeza namba mbili ili kiatu kisimbane. Mtamshauri nini, na kwa sababu gani?

4. Ni nani katika kikundi chenu apaswaye kumwona mganga kabla ya kuanza? Mtamsaidiaje aende?

5. Chagueni kilima kimoja karibu nanyi. Ni wapi pa kukimbia, wapi pa kutembea, na wapi pana hatari wakati wa mvua?